Jiko la bistro halitusubiri

Marafiki zangu wa hapa Paris nawapenda, lakini hili la kuchelewa chakula cha mchana linanikera mno. Tunakubaliana saa sita na nusu. Saa saba na robo bado nimekaa peke yangu, mhudumu amepita tena na tena kuuliza kama naagiza, huku watu wa maofisini wakisubiri meza mlangoni. Ujumbe unaingia: “Niko njiani.” Njiani wapi, na ndiyo kwanza anatoka bafuni!

Bistro nyingi za Ufaransa hazipiki mchana kutwa. Jiko linaanza saa sita, na ikifika saa nane au nane na nusu hivi, mpishi anazima hadi jioni. Chakula cha siku, kile kinachoandikwa ubaoni kwa chaki na chenye bei nafuu, hupikwa kwa kiasi, kikiisha, kinafutwa. Majuzi kilikuwa blanquette, nyama ya ndama iliyochemshwa taratibu mpaka ikalainika, kwenye mchuzi mweupe wa krimu. Nilikuwa nimeitamani tangu asubuhi. Walipotia mguu ndani, ubao ulishafutwa, tukala kimanda. Na bado mmoja akaagiza chupa ya maji ya kununua, wakati jagi la maji ya bomba hapa ni bure kwa mujibu wa sheria!

Kama unajua utachelewa, sema mapema tule. Kuanzia sasa, saa sita na nusu ikifika naagiza, atakayechelewa atanikuta kwenye kahawa.