Kuyumba kwa Ubongo: Ni Neva Zinazosema au Ni Mishipa ya Damu?

Baada ya alasiri, kwenye baraza moja ya Mji Mkongwe, ami yangu wa miaka 74 hucheza bao. Mtaji mmoja anauona papo hapo: anakomba kete, anazigawa shimo kwa shimo, anakula, anaendelea hadi analala. Zamu ifuatayo mkono unabaki hewani. Kete tatu zinagongana taratibu kiganjani, macho yanarudi kwenye nyumba mara ya pili, mara ya tatu. Hapo ndipo kijana mmoja husema, "Ami, netiweki imekata?" Watu hucheka. Mimi dhihaka hiyo huniuma, maana inabeba dai zito kuhusu uzee ambalo sayansi yenyewe bado inalibishania.

Tangu miaka ya 1950 watafiti wamekuwa wakieleza hali hii kwa neno moja: kelele. Ubongo ukizeeka, walisema, kelele za neva huzidi na ujumbe hufika umechafuka. Hata mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, ilipokuja, wengi walitafuta wastani tu wa ishara zake. Kupanda na kushuka kwa ishara kati ya sekunde na sekunde, yaani kuyumba kwake, kulihesabiwa uchafu wa kufutwa.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2008 mtafiti Anthony McIntosh na wenzake walipima umeme wa ubongo wa watoto wa miaka 8 hadi 15 na wa vijana wazima. Ishara za wakubwa ziliyumba zaidi, ilhali majibu yao yalikuwa thabiti zaidi. Mwaka 2011 Douglas Garrett na wenzake wakalinganisha kwa MRI watu wa miaka 20 hadi 30 na wa miaka 56 hadi 85. Waliojibu haraka na bila kubadilikabadilika, wengi wao vijana, ndio ambao ubongo wao uliyumba zaidi.

Ukiwahi kusimama kwenye ngalawa utaelewa upesi. Magoti na nyonga haziachi kucheza, na kwa sababu hiyo maji yaliyo mkononi hayamwagiki. Anayekakamaa ndiye anayeanguka. Kwa hoja hii ubongo wenye afya haugandi mahali pamoja, unapitapita kwenye hali nyingi ukiwa tayari kwa lolote. Mwaka 2015 kundi la Garrett liliwapa watu amfetamini, dawa inayoongeza dopamini, kemikali ambayo neva hutumia kupashana habari, na kuyumba kwa ishara za wazee kukapanda hadi kukaribia kwa vijana. Ushahidi huo si mdogo, kwani dopamini hupungua kadiri umri unavyosonga.

Lakini MRI haipimi neva moja kwa moja. Inapima damu: oksijeni iliyomo, na jinsi mishipa inavyotanuka kuileta. Mishipa ya mzee, hasa mwenye presha, huwa migumu. Kwa hiyo ishara inaweza kutulia si kwa kuwa fikra zimepoa, bali kwa kuwa mshipa hautanuki kama zamani. Kamen Tsvetanov na wenzake huko Cambridge, Uingereza, walilikabili swali hili mwaka 2015 kwa watu 335, wakiunganisha MRI na kipimo cha sumaku inayotoka kwenye neva zenyewe. Walikuta athari ya umri kwenye kuyumba kwa ishara, watu wakiwa wamepumzika, ikipitia kwenye mishipa ya damu, si kwenye shughuli za neva. Ongeza na kichwa kinachotikisika ndani ya mashine, na wazee hutikisika zaidi.

Mimi naona wakosoaji wameshinda kwenye MRI ya mapumziko, ila hawajaizika hoja nzima. Vipimo vya umeme havitegemei mishipa kwa namna hiyo, na matokeo ya 2008 yalitokana na umeme. Tatizo ni kwamba umeme nao hausemi kwa sauti moja. Mwaka huohuo wa 2015 Bradley Voytek na wenzake walionyesha kwamba mawimbi ya ubongo wa mzee yanasogea karibu zaidi na kelele tupu, kama walivyodhani wale wa kale. Kwa hiyo kuna kuyumba kwa magoti ngalawani, na kuna kutetemeka. Anayeviita vyote kwa jina moja atagombana na mwenziwe bure.

Wala sioni kwa nini damu ichukuliwe kama kasoro ya kipimo tu. Ami humeza dawa ya presha kila asubuhi, na mishipa ni sehemu ya uzee tunayoweza kuitunza leo.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hizi huweka kijana na mzee upande kwa upande siku moja, kisha tofauti yao ikaitwa umri. Ami alizaliwa kabla ya uhuru, akasoma chuoni kwa mwanga wa chemli. Yule anayemuuliza habari za netiweki amekua na simu mkononi. Nitaamini zaidi siku mzee mmoja atakapopimwa umeme, damu na kasi ya majibu mwaka baada ya mwaka, akilinganishwa na nafsi yake mwenyewe.