Wafundisheni watoto Franklin mzima

Mwanangu yuko darasa la nne hapa Philadelphia, na juzi alirudi na kazi ya nyumbani kuhusu Benjamin Franklin, mpiga chapa na mwanasayansi wa mji huu, mmoja wa waasisi wa Marekani. Karatasi ina picha ya tiara, ufunguo na radi. Kushoto kuna majina ya vitu, kulia kuna matumizi yake, na mtoto achore mstari wa kuviunganisha: jiko la chuma, miwani ya kuonea mbali na karibu, maktaba, kikosi cha zimamoto. Akamaliza upesi, kisha akaniuliza, "Mama, huyu naye alikuwa na watumwa kama Washington?" Nikaipindua karatasi mbele na nyuma. Hakuna hata neno moja.

Nilikasirika, na hasira yenyewe bado haijaisha.

Yaliyomo kwenye karatasi ni kweli, hilo nalikubali. Huyu alikuwa mtoto wa mtengeneza mishumaa na sabuni wa Boston, amesoma shule miaka miwili tu, baba akamtoa akiwa na umri wa miaka 10. Mwaka 1731 akaanzisha na wenzake maktaba ya kuazimishana vitabu, na mwaka 1751 akashiriki kuanzisha hospitali ambayo hadi leo inatibu watu mjini hapa. Mtoto wa mhamiaji akisikia habari hizo anapata moyo, na wangu ameupata.

Hata tiara yenyewe inafundishwa nusunusu. Radi haikuipiga ile tiara aliyoirusha wakati wa dhoruba mwaka 1752 ili kuonyesha kwamba radi ni umeme. Ingeipiga, Franklin asingetoka salama. Kilichoshuka kwenye uzi uliolowa hadi kwenye ufunguo ni umeme uliokuwa umejaa mawinguni. Mwaka uliofuata, kule St. Petersburg, mwanasayansi Georg Richmann aliuawa na radi akifanya utafiti wa namna hiyo hiyo, na mtoto anayecheza nje mvua ikianza anahitaji kulijua hilo. Na yule mvulana mdogo anayechorwa pembeni ya Franklin ni mwanawe William, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu.

Lakini hayo yanarekebishika kwa dakika tano. Linaloniuma ni la watumwa.

Franklin alimiliki watu kwa miaka mingi. Wanajulikana kwa majina: Peter, Jemima, Othello, George. Gazeti lake la Pennsylvania Gazette, alilolinunua mwaka 1729, lilichapa matangazo ya watu wanaouzwa. Soma matangazo hayo kwa utulivu. Yanataja umri wa mtu, yanasema kama anajua kupika na kufua, yanasema kama ameshaugua ndui, maana aliyekwisha kuugua hafi nayo tena, kwa hiyo bei yake ni nzuri. Mengine yanamalizia kwa kumwelekeza mnunuzi aende akaulize kwa mpiga chapa. Mpiga chapa ndiye Franklin. Herufi za matangazo hayo zilipangwa mojamoja kwa mkono kwenye karakana yake, na fedha ya tangazo ikaingia mfukoni mwake.

Gazeti hilo hilo lilichapa matangazo ya kuwasaka waliotoroka. Na Franklin mwenyewe alikuwa mtoro. Alikuwa mwanagenzi wa kaka yake James kwenye uchapaji, akachoka kupigwa, akatoroka Boston mwaka 1723 akiwa na miaka 17. Mwambieni mtoto wa miaka tisa mambo hayo mawili kwa pamoja muone kama hataelewa. Ataelewa kabla hujamaliza sentensi.

Alipokwenda London mwaka 1757 alifuatana na William, wakawachukua Peter na King. King, aliyekuwa mtumwa wa William, akatoroka. Baadaye akapatikana mashambani Suffolk kwa mama mmoja aliyekuwa amemfundisha kusoma, kuandika na kupiga fidla. Mwanangu alitaka kujua zaidi habari za King kuliko za tiara.

Sasa, kwa nini nasema wafundishwe? Sisemi hivyo ili watoto wamchukie mzee huyu. Nasema hivyo kwa sababu Franklin alibadilika, na waliombadilisha ni pamoja na watoto.

Mwaka 1751 aliandika insha kuhusu ongezeko la watu, akasema humo kwamba karibu kila mtumwa ni mwizi kwa asili yake. Mwaka 1758 ikafunguliwa hapa Philadelphia shule ya watoto weusi kwa fedha za jumuiya moja ya kanisa la Uingereza. Mkewe Deborah ndiye aliyetangulia kuitembelea, akaridhika nayo, na akaandika kwamba atampeleka Othello. Franklin mwenyewe alifika Desemba 1763, akakaa akawasikiliza watoto wakijibu maswali. Alipotoka aliandika barua akikiri kwamba sasa anauthamini uwezo wa watu weusi kuliko alivyowahi kufanya, na kwamba watoto wale hawakupungukiwa chochote mbele ya watoto weupe: si wepesi wa kuelewa, si kumbukumbu, si usikivu. Alikuwa na miaka 57. Ile insha ilipochapwa upya mwaka 1769, sentensi yake ikawa imebadilika: wizi ule sasa aliuhesabu kuwa tunda la utumwa wenyewe.

Watoto walioketi darasani wakajibu maswali vizuri walimfanya mtu mashuhuri kuliko wote katika makoloni ya Waingereza huku Amerika abadili alichoandika. Hii ndiyo habari ambayo walimu wanaiacha ili wapate nafasi ya jiko la chuma! Hivi kuna habari gani nyingine inayomfaa mtoto mweusi wa darasa la nne kuliko hii? Na mtoto mweupe anayekaa naye dawati moja, naye inamfaa vivyo hivyo.

Naambiwa ni wadogo mno. Othello naye alikuwa mtoto. Wapo waliouzwa kwa matangazo yale wakiwa wadogo kuliko mwanangu. Naambiwa pia muda hautoshi, na hapo nawaonea walimu huruma, kwa sababu mitihani imewabana kweli. Basi wapunguze mistari ya kuunganisha.

Na wasiiache ndui. Mwaka 1721 ndui iliua zaidi ya watu 800 Boston. Mwafrika mmoja mtumwa aitwaye Onesimus alikuwa amemweleza bwana wake, mchungaji Cotton Mather, kwamba kwao watu huchanjwa na wakapona. Mather akaipigania chanjo hiyo, na gazeti la James Franklin, ambako Benjamin alikuwa mwanagenzi, likaipinga kwa nguvu. Benjamin alipokua aliiunga mkono, lakini mwaka 1736 mwanawe Francis, mwenye miaka minne, alikufa kwa ndui kabla hajachanjwa. Mzee aliandika katika kumbukumbu zake kwamba alijuta kwa uchungu, na bado anajuta. Aliyaandika hayo ili wazazi wengine wasikie.

Mwaka 1787 akawa rais wa chama cha kupinga utumwa hapa Pennsylvania. Tarehe 3 Februari 1790, akiwa mgonjwa sana, alitia saini ombi la kulitaka Bunge la Marekani liondoe utumwa. Wabunge wa kusini waliwaka, na Bunge likasema halina mamlaka ya kuwaachia huru watumwa wa majimbo. Akafa tarehe 17 Aprili mwaka huo huo. Ombi hilo ni fupi. Kiingereza chake ni cha zamani, lakini mtoto akisaidiwa maneno machache analielewa. Nimemwandikia mwalimu wa mwanangu kumwomba lisomwe darasani, na nakala nimeiambatanisha. Wazazi wenzangu wa hapa, nanyi waandikieni walimu wenu.