Polisi wa Baltimore mbele ya mvuvi wa Mikindani

Ukitajwa uhalisia kwenye tamthilia za polisi, The Wire haikosi kutajwa. Inahusu jiji la Baltimore, Marekani, na kituo cha televisheni cha huko, HBO, waliirusha kuanzia 2002 hadi 2008, misimu mitano, vipande 60. Watungaji wake nao hawakuwa watu wa kubuni tu: David Simon alikuwa ripota wa habari za polisi wa gazeti la Baltimore Sun, na Ed Burns alikuwa mpelelezi wa mauaji jijini humohumo kabla hajawa mwalimu. Nimeirudia yote hivi karibuni. Msimu wa pili, ule wa bandarini, niliutazama Mikindani na mjomba wangu, mvuvi aliyestaafu, mimi nikimtafsiria.

Mjomba alichoka mapema. "Hawa polisi mbona hawakimbizi mtu?" Ni kweli, kazi yao kubwa ni kukaa, kusikiliza simu na kuomba vibali.

Akaja kuzinduka kwenye maiti. Mwili wa mwanamke unaopolewa majini, na mkubwa mmoja wa polisi wa jiji, Rawls, anausukumia kaunti jirani ili kesi isimharibie takwimu. McNulty, mpelelezi ambaye Rawls alimtupa kwenye boti ya doria kama adhabu, anakaa na jedwali la maji kujaa na kupwa, anapiga hesabu ya mkondo na upepo mpaka anathibitisha kwamba maiti ilitokea upande wa jiji. Si uchungu wa marehemu unaomsukuma. Anataka kumkomoa bosi.

"Bamvua au maji mafu?" mjomba akauliza. Sikuwa na jibu. Akaeleza kwamba maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, hayampeleki mtu mbali, bamvua, yanayojaa na kupwa sana, ndiyo humtoa, na kwamba yeye angewauliza kwanza wavuvi, karatasi baadaye. Lakini ile chuki ya kazini aliipokea bila kubisha.

Mimi uhalisia wa The Wire nauona hapo hasa. Hata upelelezi wa bandari unaanza kwa kijicho: Valchek, mkuu wa polisi wa wilaya, na Sobotka, kiongozi wa chama cha makuli, wanagombea nafasi ya dirisha la vioo vya rangi kanisani. Jirani yangu aliyewahi kuwa karani wa shehena alicheka sana alipoona kontena likipotezwa kwenye kompyuta huku lenyewe limesimama uwanjani. Kwake hiyo ilikuwa kweli kuliko bastola zote.

Wanaoipinga nao wana lao, na si dogo. Machi 2017 polisi saba wa kikosi cha kusaka bunduki cha Baltimore walikamatwa na serikali ya shirikisho kwa mashtaka yaliyohusu kupora raia na kudai malipo ya saa ambazo hawakufanya kazi. The Wire inao polisi wavivu, walevi, wapigaji, hata Herc na Carver wanaodokoa fedha za wauza unga. Kikosi kizima kinachogeuza beji kuwa mtaji humo hukioni. Simon mwenyewe alirudi na tamthilia nyingine kuhusu kashfa hiyo mwaka 2022, na mimi naihesabu kama nyongeza ya sura iliyokosekana.

Wengine hulaumu msimu wa tano, McNulty anapobuni muuaji wa kuua mfululizo ili apate bajeti. Hapo siwatetei watungaji, ule ni utani uliozidi chumvi.

Hilo la 2017 linanisumbua zaidi. Burns aliwajua polisi kwa kufanya kazi nao, na ukaribu huo ndio uliompa jedwali la maji, vibali na takwimu za kupikwa. Nahisi ukaribu huohuo uliwafanya watungaji wamwone polisi mbaya kama mwenzao aliyepotoka, ilhali kwa mwenye nyumba aliyeporwa hakuwa na tofauti na jambazi. Bado naiweka juu ya tamthilia nyingine za polisi nilizowahi kutazama, ila nikiambiwa inaonyesha polisi walivyo, siku hizi nauliza: walivyo mbele ya nani?

Mjomba hakungoja mwisho wa msimu. Alichotaka kujua ni kama yule mwanamke alipatikana jina, akazikwa.