Ndege ya kasi na saa zinazopungua daftarini

Mwenye ndege yake ndogo inayokwenda kilomita 200 kwa saa, anayeirusha kwa starehe tu, hakwepi swali moja kila akikutana na marubani wenzake: hiyo utaiacha lini? Linaulizwa kwa utani, ila ndani yake mna hukumu. Ndege ya mwendo wa pole, wanavyoona, ni ya mwanafunzi. Aliyekomaa hununua yenye magurudumu ya kukunjwa au injini kubwa, akaanza safari zenyewe. Anayebaki na ile ya zamani, basi ama mfuko hauruhusu ama ana woga.

Nataka kumtetea huyo anayebaki. Hata hivyo nianze na wenzake, kwa sababu wana hoja nzuri kuliko ile wanayoitanguliza.

Wanayoitanguliza ni muda, na hiyo ndiyo dhaifu. Linganisha ndege ya kilomita 200 kwa saa na ya kilomita 300. Kwa safari ya kilomita 150, ambayo ndiyo safari ya wikiendi ya marubani wengi wa starehe, ya kwanza inachukua dakika 45 na ya pili dakika 30. Umeokoa robo saa. Robo saa hiyo huisha kabla hujaondoka: unaivuta ndege kutoka bandani, unachovya kijiti tangini kupima mafuta, unachuja mafuta kidogo kwenye kikombe cha plastiki na kukiinua juani uone kama yana maji, unasubiri injini ipate joto. Kwa safari ya kilomita 500 pengo linafika dakika 50, nazo si haba. Lakini ni rubani gani wa starehe anayekwenda kilomita 500 kila Jumamosi?

Hoja yao iliyo nzuri kweli ni upepo. Safari ileile ya kilomita 500, weka upepo wa mbisho wa kilomita 60 kwa saa. Ndege ya pole sasa inakula ardhi kwa kilomita 140 tu kwa saa, na unaweza kuchungulia chini ukaona gari dogo kwenye barabara kuu likienda nawe sambamba, kisha taratibu likakuacha. Itachukua saa tatu na dakika 34. Ya kasi itafika kwa saa mbili na dakika tano. Pengo la dakika 50 limekuwa saa moja na nusu. Na usidhani upepo huohuo utakulipa ukirudi, kwa sababu ukikubisha unakaa nao muda mrefu na ukikusukuma unakaa nao muda mfupi. Kwenda na kurudi, upepo huo unamnyang'anya wa pole nusu saa nzima na wa kasi dakika nane tu. Wakati mwingine tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utatua jua likiwapo, au kama utalazimika kushuka njiani kutia mafuta huku wingu la mvua likikusanyika mbele.

Hoja yao ya pili haisemwi sana, nayo inawavunja nguvu wanaodai kwamba kasi ni ulafi wa mafuta. Mooney M20J, ndege ya mwishoni mwa miaka ya 1970, ilipewa jina la 201 kwa kuwa ilifikia maili 201 kwa saa, sawa na kilomita 323, kwa injini ya nguvu farasi 200. Nguvu hiyo haikuzidi ile ya ndege iliyoitangulia. Mhandisi Roy LoPresti na wenzake waliisafisha tu mwili: kioo cha mbele kikalazwa zaidi, pua ikafinyangwa upya, magurudumu yakazibwa vizuri. Matokeo yake, Mooney hiyo ikiwa safarini hutumia mafuta kiasi cha lita 13 kwa kila kilomita 100, wakati Cessna 172, ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani, hutumia kama lita 15. Wa kasi anatumia kidogo kuliko wa pole. Ajabu, lakini ndivyo.

Asiyetaka mwili mwembamba wala kiti kinachomkalisha karibu na sakafu, akataka kasi kwa injini, huyo atalipa. Nguvu inayohitajika kuisukuma ndege ileile hewani hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi, kwa hiyo ukitaka kasi mara moja na nusu unahitaji nguvu mara tatu na zaidi. Kuhusu bima, ukaguzi wa kila mwaka na mitambo ya kukunja magurudumu sitasema mengi. Ni ghali, kila mtu anajua, na aliye nazo fedha hababaishwi na hayo.

Linalonisumbua halimo kwenye hesabu ya fedha. Limo kwenye daftari la saa za kuruka, na sijaona likijadiliwa ipasavyo.

Tuseme rubani wetu huruka saa 40 kwa mwaka kwa ndege ya kilomita 200. Huo ni umbali wa kilomita 8,000. Ananunua ya kilomita 300, na maisha yake mengine yanabaki vilevile: wazazi aliokuwa akiwatembelea wako palepale, rafiki yuko palepale, viwanja anavyovipenda havijasogea. Kilomita 8,000 zilezile sasa atazimaliza kwa saa 26 na dakika 40. Theluthi ya mazoezi yake imeyeyuka, na ameinunua hasara hiyo kwa bei kubwa. Tena imeyeyuka mwaka uleule alioingia kwenye ndege inayodai mazoezi zaidi. Ana wenzo wa kubadilisha pembe ya propela ambao hakuwa nao, ana wenzo wa magurudumu, ana injini inayotaka kutunzwa kwa mikono miwili. Nchini Marekani sheria yenyewe inatambua hilo: injini ikizidi nguvu farasi 200 lazima mwalimu akufundishe na kutia saini daftarini kwamba unaiweza, na hivyo hivyo kwa ndege yenye magurudumu ya kukunjwa pamoja na propela ya kurekebishwa. Lakini saini inatiwa mara moja. Mkono hausainiwi, unalishwa.

Najua nitakavyojibiwa, na jibu lenyewe ni la haki: mwenye ndege ya kasi habaki na safari zilezile. Dunia yake inapanuka. Pale alipokuwa hafiki, sasa anafika, na saa zake 40 zinarudi, pengine zinazidi. Nakubali, wako wa namna hiyo. Lakini hebu tazama saa hizo zimejaa nini. Wa pole akirukaruka viwanja vya jirani, kila ruko dakika 40, saa zake 40 zina kutua mara 60. Wa kasi akienda safari za saa mbili mbili, saa 40 zilezile zina kutua mara 20. Muda wote uliobaki amekaa juu, ndege imenyooka, mtambo wa kujiendesha umeshika usukani, yeye anatazama mawingu. Si dhambi. Ila rubani hapimwi katikati ya safari, anapimwa dakika tano za mwisho, na dakika hizo ndizo zilizopungua.

Kwa hiyo ukibaki na safari zako, saa zinapungua; ukirefusha safari, kutua kunapungua. Nimeizungusha hesabu hii kila upande na sijaona njia ambayo kasi yenyewe inakuongezea mazoezi. Ni lazima uyaongeze wewe, kwa makusudi, kwa kuruka ambako hakukufikishi popote. Marekani na Ulaya sheria inamtaka rubani awe ameruka na kutua mara tatu katika siku 90 zilizopita kabla ya kubeba abiria. Tatu! Kwa ndege ya mwanafunzi, inayosamehe, pengine zinatosha. Kwa ile inayokaribia kutua kwa kilomita 150 kwa saa badala ya 120, ambayo kwa uzito uleule inabeba nishati zaidi kwa kiasi cha nusu na kitu, sizioni zikitosha.

Nitoe mfano niliouona kwa macho. Niliwahi kukaa kiti cha kulia na rafiki yangu miezi michache baada ya kubadilisha ndege. Ni rubani mzuri, makini, asiyependa mzaha hewani. Tulikuwa tumeshuka kutoka juu, uwanja umeonekana, njia ya kurukia imenyooka mbele yetu kama mkeka, na tulikuwa juu mno. Kwa ndege yake ya zamani, kupunguza futi 7,500 taratibu, futi 500 kila dakika, alikuwa anaanza kilomita 50 kabla ya uwanja. Hesabu hiyo ilikuwa imemwingia mwilini, haifikirii. Kwa ndege mpya dakika ni zilezile 15, ila kilomita ni 75. Alianza kushuka pale mwili wake ulipozoea.

Alipogundua, akainamisha pua. Kasi ikapanda, maana ndege iliyosafishwa mwili haina cha kuikokota. Dawa ingekuwa kuteremsha magurudumu yakamate upepo, lakini magurudumu hayo yana kasi ambayo ukiipita huruhusiwi kuyateremsha, na tulikuwa tumeipita. Mkono wake ukawa unakwenda kwenye wenzo na kurudi, unakwenda na kurudi, kama mtu anayetaka kugusa sufuria ya moto. Hakusema neno. Mwishowe akaacha kila kitu, akanyoosha ndege, akazunguka upya na kutua vizuri. Alichofanya kilikuwa sahihi, na hatari yenyewe haikuwa kubwa. Ila kwa dakika mbili zile yeye alikuwa hapa na ndege ilikuwa imeshafika kule.

Historia ya ndege hizi inaonyesha jambo hilohilo kwa ukubwa zaidi. Beechcraft Bonanza yenye mkia wa umbo la V, iliyoanza kuuzwa mwaka 1947, ilibandikwa jina baya la muuaji wa madaktari, kwa sababu walioimudu bei yake walikuwa watu wa kazi nyingi na saa chache za kuruka. (Tuwe wa haki: mkia wenyewe nao ulikuwa na udhaifu, ukaja kuimarishwa kwa amri katika miaka ya 1980.) Zaidi ya nusu karne baadaye ikaja Cirrus SR22, yenye nguvu farasi 310 na parashuti ya kuishusha ndege nzima. Wengi walitarajia vifo vikome. Havikukoma, miaka ya mwanzo rekodi yake haikuwa ya kujivunia. Ilikuja kutengemaa katika miaka ya 2010, na kilichobadilika zaidi hakikuwa bawa wala parashuti. Yalikuwa mafunzo: wenye ndege hizo na mtengenezaji walishikilia kwamba rubani afunzwe upya, arudie mara kwa mara, na azoeshwe kuvuta parashuti mapema badala ya kupigana na ndege hadi chini.

Mtetezi wa kasi atasema huo ni ushahidi wake: unaona, inawezekana. Ndiyo, inawezekana. Mimi nasoma pia bei iliyolipwa, ambayo ni muda, na muda ndio uleule alioambiwa anaununua.

Sasa nani abadilishe? Yule ambaye daftari lake la mwaka jana tayari limejaa safari za kilomita 400 na kuendelea, na ameghairi kadhaa kwa sababu ya upepo wa mbisho. Huyo ndege yake ya sasa inamwonea, abadilishe bila kuona haya. Na kama kinachomtisha ni magurudumu ya kukunjwa, ziko ndege za kasi zenye magurudumu yasiyokunjwa, Cirrus yenyewe ikiwamo, na zile za RV zinazoundwa na wenyewe nyumbani. Lakini ambaye daftari lake limejaa dakika 40, dakika 35, dakika 50, na kando ya kila mstari ana kutua mara mbili au tatu, huyo si mwoga wala si maskini. Ndege yake na maisha yake vimelingana, na anayemcheka pengine hajafungua daftari lake mwenyewe siku nyingi.

Rafiki yangu hakuiuza ile ya kasi. Anaipenda, na sasa anaimudu kuliko siku ile niliyokaa naye. Amejiwekea sharti: kila anapotaka kusafiri mbali, siku iliyotangulia huenda uwanjani peke yake, anaruka na kutua mara tatu, hasa upepo ukiwa wa ubavuni. Nilimuuliza zoezi hilo huchukua muda gani. Akasema kama dakika 40, ukihesabu na kuitoa ndege bandani na kuirudisha. Nikamkumbusha kwamba kwa safari yake ya kilomita 500 ndege hiyo inamwokolea dakika 50. Akacheka, akasema basi bado ana kumi zake.