Mtaa unaofungwa kwa msiba ufungwe pia kwa ajili ya shule

Kaskazini mwa jiji la Denver, katika jimbo la Colorado, ipo shule ya msingi inayoitwa Swansea. Mwaka 1964 barabara kuu ya I-70 ilipitishwa katikati ya mtaa ule, juu ya daraja refu la zege, na mtaa ukakatwa vipande viwili. Kwa zaidi ya miaka 50 magari yalinguruma karibu kabisa na madirisha ya madarasa. Mtoto aliyekaa upande wa kusini alipita chini ya daraja, kwenye kivuli cha nguzo, akavuka na barabara ya mtaa iliyopita hapo hapo chini, ndipo afike getini. Wakazi wengi wa pale ni Walatino wa kipato cha chini. Kiwanda cha kusafisha mafuta hakiko mbali, na cha chakula cha mbwa kiko jirani. Upepo ukigeuka, unakisikia puani kabla hujakiona.

Serikali ya jimbo ikaona barabara haitoshi, ikaamua kuipanua. Ni mradi wa kilomita 16 hivi, uliogharimu zaidi ya dola bilioni 1, na ujenzi ulianza 2018. Nyumba 56 zilivunjwa. Waliopinga walifika hadi mahakamani, na barabara ikapanuliwa vile vile. Ila safari hii shule haikuweza kurukwa. Daraja lilibomolewa 2021, barabara ikashushwa chini ya usawa wa ardhi, na sehemu inayopita mbele ya shule ikafunikwa. Juu yake kuna bustani ya ekari 4 yenye uwanja wa mpira, iliyofunguliwa mwishoni mwa 2022. Kile kipande cha barabara ya mtaa kilichotenganisha shule na barabara kuu kikafungwa, ili mtoto atoke shuleni akanyage nyasi bila kukutana na gari. Shule ikawekewa pia milango na madirisha mapya na mitambo ya kuingiza hewa safi.

Mimi naishi Aurora, mji unaopakana na Denver, na nikipata nafasi huwa naenda kukaa kwenye bustani ile. Ukitulia unausikia mtetemo wa malori chini ya miguu yako. Watoto hawaujali, wanakimbiza mpira. Siwezi kusema haki imetendeka pale. Ekari 4 haziwezi kufunika kilomita 16, na moshi wa magari yaliyoongezeka hauishii kwenye mfuniko. Waliohamishwa hawakurudi. Nasema haya kwa sababu ndugu zetu wengi wakileta habari za ughaibuni huleta picha ya bustani tu.

Lakini kile kipande cha barabara kilichofungwa kinanifikirisha sana kuhusu nyumbani, Tanzania.

Wote tunaikumbuka Kimara, Dar es Salaam, mwaka 2017. Barabara ya Morogoro ilikuwa inapanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, njia nane. Alama za X zilichorwa kwenye kuta, watu wakaambiwa wamo ndani ya hifadhi ya barabara, nyumba zikaangushwa. Mjadala wote ulikuwa wa nyumba na fidia, na ulistahili. Mtoto anayevuka kwenda shule hakuwamo kwenye mjadala. Njia nane ni pana hata kwa mtu mzima mwenye haraka. Kwa mtoto wa darasa la pili mwenye begi mgongoni, kamshika mkono mdogo wake wa chekechea, ni safari. Anasimama pembezoni, anatazama kulia, na bodaboda inamtokea kushoto ikipita upande usio wake. Dereva mmoja anasimama kumpisha, wa njia ya pili anapitiliza. Kila aliyepanda daladala alfajiri kwenye njia zetu kuu amewaona watoto hawa: mashati meupe, kaptura na sketi za bluu, wamejikusanya wanasubiri mmoja wao athubutu.

Na hiyo ni ajali tu, jambo linaloonekana kwa macho. Hewa nayo ina hesabu yake. Moshi wa barabara kubwa huwa mzito zaidi katika mita 150 hadi 300 za mwanzo, kisha hupungua haraka. Ndiyo maana California ilitunga sheria mwaka 2003 kuzuia shule mpya zisijengwe ndani ya futi 500, yaani kama mita 150, kutoka barabara kuu, isipokuwa kwa masharti maalumu. Utafiti uliochapishwa 2007, uliofuatilia watoto zaidi ya 3,600 kusini mwa jimbo hilo kwa miaka minane, ulionyesha kwamba wanaoishi ndani ya mita 500 kutoka barabara kuu mapafu yao yalikua pungufu kuliko ya wenzao wanaoishi mbali. Sasa fikiria shule zetu, ambazo madirisha yake ni nondo na wavu, na paredi ya asubuhi inafanyika uwanjani futi chache kutoka kwenye foleni.

Sisemi tuige mfuniko wa Denver. Hatuna fedha za kuizika barabara chini ya bustani, na kwa gharama ile tungejenga shule nyingi mno. Nataka tuchukue vitu viwili. Cha kwanza, shule iwekwe kwenye hesabu ya barabara kabla mkandarasi hajaleta katapila. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mradi wa namna hii, kwa hiyo mlango upo. Mwalimu mkuu na kamati ya shule waingie kupitia mlango huo, waseme watoto wangapi wanavuka, saa ngapi, kutoka upande gani.

Cha pili ni kufunga mtaa. Hapa nina uhakika kabisa kwamba tunaweza, kwa sababu tunafanya hivyo kila wiki. Dar es Salaam, mtu akifiwa, turubai linasimikwa katikati ya barabara ya mtaa, viti vinapangwa, jiko la ubwabwa linawashwa pembeni, na magari yanazunguka kwingine siku tatu. Harusi vivyo hivyo, kitchen party vivyo hivyo. Dereva akifika anaona turubai, anarudi nyuma, pengine anashuka kutoa pole. Hakuna anayeuliza wahandisi. Tumekubaliana sote kwamba kuna mambo yanayostahili kulisimamisha gari, na mtoto kufika darasani mzima ni mojawapo.

Mitaa mingi inayopita kwenye mageti ya shule zetu ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, si ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Si lazima kugusa barabara kuu yenyewe. Barabara kuu ikipanuliwa, magari yanayokimbia foleni huchepukia mitaani, na mtaa wa shule uliokuwa wa bajaji mbili tatu unageuka njia ya mkato. Hapo ndipo pa kuweka kizuizi, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Bolzano, Italia, walianza utaratibu huu 1989. Machi 2025 wakazi wa Paris walipiga kura kukubali mitaa mingine 500 ifungwe kwa magari. Na nyumbani tayari tuna kazi ya kujivunia: mpango wa shirika la Amend wa kuweka matuta, njia za miguu na vivuko karibu na shule, ulioanzia Dar es Salaam, ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji iitwayo WRI Ross mwaka 2019. Wenzetu wa nje wamejifunza kwetu, sisi wenyewe tunakawia kuueneza.

Najua pingamizi litakalokuja. Mwenye duka atauliza mzigo wake utashushwa saa ngapi. Ushushwe kabla au baada, nusu saa haimfilisi. Gari la wagonjwa lipite, ndiyo maana kizuizi kiwe pipa na kamba, kisiwe ukuta, na awepo mtu mzima mwenye fulana ya kung'aa wa kukiondoa. Bodaboda ndio watakuwa wagumu kuliko wote, kwa hiyo viongozi wa kijiwe wahusishwe tangu kikao cha kwanza. Wengi wao wana watoto shule hiyo hiyo.

Kwa mzazi aliye Kimara, Mbagala, Gongo la Mboto au popote barabara inapopanuliwa: kikao cha wazazi kijacho, kabla ya kufika kwenye michango, omba ajenda moja ya mtaa wa getini. Kamati iandike barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nakala kwa TARURA wilaya, ikiomba majaribio ya mwezi mmoja. Zamu zigawanywe kati ya wazazi, wawili asubuhi na wawili jioni. Wadogo wa chekechea na darasa la kwanza wanatoka mapema, kwa hiyo muda wao apange mwalimu mkuu.