Gari Uliyoiuza Haiko Kwenye Pleti

Mtu akiikumbuka gari aliyoiuza miaka kumi nyuma, kinachomjia ulimini mwanzo ni pleti. "Zedi mia tatu na kitu, ya kijivu." Kisha hukaa barazani, kila Noah ya kijivu ikipita shingo inageuka. Atageuza shingo mpaka imuume. Pleti ndiyo alama dhaifu kuliko zote: bati jepesi, skrubu mbili, bisibisi moja. Gari ya Zanzibar iliyovushwa Bara na kusajiliwa huko hupewa pleti ya T, na ile Z yake ndiyo imekwisha. Wenye umri wanakumbuka pia kwamba kabla ya mfumo huu wa Z, tarakimu tatu na herufi mbili, kulikuwa na ZNZ. Anayeitafuta gari ya zama hizo kwa nambari aliyoihifadhi kichwani anatafuta kivuli.

Kinachobaki na gari tangu kiwandani mpaka kwenye skrepa ni nambari ya chesisi. Gari zetu nyingi zimetoka Japani zikiwa mtumba, na zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe hazina ile nambari ya herufi na tarakimu 17 inayotumika Ulaya na Marekani. Zina kodi (yaani msimbo) ya modeli, kistari, kisha tarakimu za mfululizo: Toyota huwa saba, Nissan na Suzuki huwa sita. Kodi yenyewe inasema mengi. SCP10 ni Vitz ya mwanzo yenye injini ya lita moja, NCP60 ni IST ya 1.3, NZE121 ni Corolla ya 1.5, SR40 ni Noah ya lita mbili, TD01W ni Escudo ya milango mitano ya 1.6. Kwa hiyo ukiingia kwenye tovuti ya kutafuta historia ya gari ikakwambia nambari yako ni fupi, usidhani umeikosea. Tovuti hiyo imetengenezewa gari za kwengine.

Kadi ulimpa mnunuzi na huna kopi? Nambari ile ile imeandikwa kwenye karatasi za zamani za bima, kwenye hati ya meli iliyoileta gari, na kwenye cheti cha Japani cha kufuta usajili ili gari isafirishwe nje. Fungua lile faili la plastiki lililoko juu ya kabati kabla hujaenda kumsumbua mtu ofisini.

Nambari ya injini nayo imo kwenye kadi, ila hiyo ichukulie kwa tahadhari. Injini ya 2NZ na ya 1NZ ni ndugu wa tumbo moja. IST ikifa injini yake ya 1.3, fundi anaweza kuipachika ya 1.5 iliyotolewa kwenye Corolla iliyogongwa. Unaweza basi kuikuta injini yako Konde, Pemba, na bodi yako Jambiani, Unguja, na zote mbili zikawa zinafanya kazi vizuri tu.

Tuje kwenye daftari la usajili. Kuna tabia moja inayoharibu kila kitu: kuuza gari kwa kukabidhi kadi na karatasi iliyotiwa saini, bila ya kubadilisha jina. Mnunuzi anaendesha miaka miwili, naye anaiuza kwa kadi ile ile. Mkono wa nne hata hamjui wa kwanza. Daftarini mwenye gari bado ni wewe, na siku gari hiyo itakapomgonga mtu au kukamatwa na mzigo wa magendo, jina litakaloonekana mwanzo ni lako. Naona hii ndiyo sababu ya maana ya kuitafuta gari ya zamani. Mahaba na kumbukumbu za fungate ni ziada.

Chukua kopi ya mkataba wa mauziano na kitambulisho, nenda ofisi ya usajili wa vyombo vya moto, na uliza jambo moja tu: kwa nambari hii ya chesisi, jina lililoandikwa ni langu au si langu? Likiwa si lako, rudi nyumbani umeshukuru. Usimkalie karani kooni akupe jina la mwenyewe wa sasa. Hata wewe usingependa jina lako litolewe hivyo. Likiwa bado ni lako, omba uelekezwe namna ya kuarifu kwamba chombo kimeuzwa, andika barua, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa. Mkataba huna? Hapo kazi imekuwa nzito. Anayeuza gari leo aandike nambari ya chesisi, nambari ya injini, kilomita zilizosomeka, tarehe na saa, nambari ya kitambulisho cha mnunuzi, na sheha atie mkono wake. Ni nusu ukurasa.

Iwapo pleti haijabadilika, bima nayo inasema kitu. Mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, wa kuhakiki bima uko wazi kwenye intaneti: unatia nambari ya usajili, unaona kampuni iliyoikatia gari bima, tarehe ya kuanza na ya kumalizika. Bima iliyo hai maana yake gari inatembea. Iliyokatika miaka miwili nyuma inaweza kumaanisha gari imelala, au imehama, au inaendeshwa hivyo hivyo kwa kumtegemea Mungu.

Waliowahi kukaa Uingereza wana raha yao. Kule ukiwa na nambari ya pleti tu unasoma bure, mtandaoni, kila ukaguzi wa MOT, ule wa lazima wa usalama wa gari, tangu 2005: kilomita (kule ni maili), ilifaulu au ilifeli, na ilifeli kwa nini. Pleti ya kule hukaa na gari yake kwa kawaida, hata ikibadilisha mikono. Ukiona ukaguzi wa mwisho ni wa 2014 na maneno ya kutu yamejaa, mambo yamejieleza. Jina la mwenye gari ndilo hutolipata hivi hivi; wanataka sababu ya maana, na hamu haihesabiwi.

Huku kwetu rejista yenye kumbukumbu ni gereji. Mafundi hawakumbuki wenye gari, wanakumbuka magonjwa. Kwa hiyo usiende ukasema "natafuta Noah yangu ya zamani". Mwamkie mzee wa gereji, keti, halafu uliza kwa jeraha: "Fundi, ile Noah iliyokuwa mlango wake wa kuteleza unagoma ukifika nusu, na madigadi ya nyuma kushoto imepigwa puti, siku hizi anayo nani?" Fundi wa puti na rangi aulizwe kabla ya fundi wa injini, kwa sababu yeye ameipapasa bodi yote kwa mkono. Fundi umeme ndiye wa pili: waya uliounganishwa kienyeji chini ya dashibodi anaujua kama mwandiko wa mtu, hasa ukiwa wake. Madalali waache mwisho. Dalali atakwambia ameiona hata kama hajaiona, kisha atakuuzia nyengine.

Ikipatikana gari inayofanana nayo, usiamini rangi. Fungua boneti utafute kibati cha maelezo; kwenye Toyota kuna mstari wa rangi, na 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi. Kisha linganisha na sehemu ambazo fundi wa rangi hafiki kwa uvivu: nyuma ya mpira wa mlango, ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, chini ya zulia la buti. Gari nyekundu yenye kodi ya 040 imezaliwa nyeupe. Angalia lebo za mikanda ya viti, kule chini inakochomoka kwenye nguzo; mara nyingi zina tarehe ya kutengenezwa. Na kwenye fremu ya mlango wa dereva huenda kumebaki stika ya Kijapani ya kubadilisha oili, ina kilomita na mwaka wa Heisei, yaani kwa hesabu ya Kijapani. Jumlisha 1988 upate mwaka wa kawaida: Heisei 15 ni 2003. Stika hiyo hakuna anayehangaika kuibandua, na kama ulikuwa ukiitazama kila ukifungua mlango, utaijua.

Kibati cha boneti hakitoshi lakini, kwa sababu kinashikwa na ribiti na huhamishika. Nambari ya kuaminiwa ni ile iliyogongwa kwenye chuma. Kwenye Corolla na Vitz za kizazi hicho itafute kwenye ukuta wa bati nyuma ya injini. Toyota nyingi za baadaye iko sakafuni, chini ya kiti cha mbele, penye zulia lililokatwa kipande cha kufunuka. Escudo iko kwenye reli ya chesisi karibu na gurudumu. Usiikwangue kwa brashi ya waya, utaifuta. Tia mafuta ya taa kwenye kitambaa, futa vumbi na grisi, kausha, weka karatasi nyembamba juu yake, kisha pitisha penseli iliyolala ubavu. Tarakimu zitatokea zenyewe. Ukiona mshono wa kuchomelea umezunguka nambari kwa umbo la mstatili, mshukuru mwenye gari, funga boneti, ondoka. Hicho kipande kimetolewa gari nyengine, na mjadala wake ni wa polisi.

Baada ya yote hayo huja swali la kuinunua tena. Ushauri wangu ni usinunue, isipokuwa umeigeuza chini juu. Kisiwani gari haifi kwa injini, inakufa kwa chumvi. Inayokwenda Paje au Matemwe kila siku hurushiwa unyevu wa bahari na tope la matumbawe, mwenyewe akaiosha juu tu, ing'ae siku ya Ijumaa. Tope linaziba vitundu vya kutolea maji chini ya milango, maji yanatuama ndani ya bati lililokunjwa, na kutu inaanza kwa ndani. Siku unapoona rangi imevimba kwa nje, ndani chuma kimeshakuwa biskuti. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa chini ya milango na juu ya madigadi. Isiponata, hapo ni puti. Inua zulia, gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama boksi. Halafu tazama vichwa vya shokapu ndani ya boneti. Pakiwa na kiraka cha bati kilichochomelewa juu ya kutu, achana nayo, kwani chuma kilichooza hakishiki chomelezo, na maji yanayoingia baina ya mabati mawili yanakula kwa kasi zaidi kuliko mwanzo.

Nyingi lakini hutozikuta nzima. Zimekatwa. Milango imeuzwa spea, taa zimeuzwa spea, rejeta imepimwa kwa kilo, springi zimekwenda kwa mhunzi zikatoka mapanga. Na ekseli, kama gari yako ilikuwa pikapu, itafute barabarani mchana kweupe: gari nyingi za ng'ombe, Unguja na Pemba, zinatembea kwa ekseli na matairi ya pikapu. Ukiliona tela limebeba mchanga, hesabu nati za gurudumu. Nne si yako, hiyo imetoka kwenye gari ndogo. Sita, zilizo kwenye duara la milimita 139.7, ni za kawaida kwenye Hilux. Ekseli haina nambari ya chesisi, kwa hiyo kinachobaki ni kovu unalolijua mwenyewe. Kama gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa na stadi (skrubu inayofungwa nati) moja iliyobadilishwa, ndefu kuliko wenzake, mwombe mwenye ng'ombe asimame kidogo.