Herufi Tunazokanyaga

Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikikusanya maandishi ya Nairobi. Si ya mabango. Hayo yanajitangaza yenyewe. Nayataka yale ya miguuni: kwenye vifuniko vya chuma, kwenye nguzo za stima, pembeni mwa ngazi ambapo fundi aliandika mwaka kwa kidole kabla simiti haijakauka.

Ninachokithamini zaidi ni kifuniko cha shimo la nyaya za simu chenye herufi KPTC, kwenye barabara inayoteremka kuelekea River Road. Shirika hilo la posta na simu lilizaliwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, likagawanywa 1999: simu zikaenda Telkom, barua zikabaki Posta. Shirika halipo, ila mikokoteni bado inapita juu ya jina lake. (Ndivyo ilivyo na kanjo, neno la mtaani lililotokana na "council": baraza la jiji liliondoka 2013, neno likabaki mdomoni.) Niliweka karatasi juu ya kifuniko, nikasugua penseli polepole. Mzee mmoja akasimama.

"Umeangusha nini, kijana?"

"Sijaangusha kitu, mzee. Nachukua hizi herufi."

Akainama, akasoma. "Nyaya za humo tulivuta sisi." Akanionyesha kwa mkono zilikopita, mpaka ng'ambo ya barabara.

Msimamo wangu ni huu: chukua alama, kitu kiache. Januari 2022 biashara ya vyuma kuukuu ilisimamishwa nchini baada ya nguzo kubwa za umeme kuhujumiwa, lakini vifuniko navyo vimeibwa miaka mingi, na anayetumbukia shimoni ni mama anayetoka kazini usiku. Ukarabati nao unafuta. Kabro, yale matofali ya kutandika njia, zikipangwa, hakuna anayeuliza chini paliandikwa nini. Kaunti ingemtaka mkandarasi apige picha kila kifuniko na kuandika mahali kilipokuwa kabla ya kufukua. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Ukitaka kuanza, anza na nguzo ya mbao iliyo karibu na kwako, kabla haijang'olewa iwekwe ya zege. Tafuta chapa yake. Mara nyingi utakuta mwaka na urefu. Andika mtaa, tarehe na upande wa barabara. Picha yangu ya kwanza kabisa, ya kifuniko chenye nyota katikati, sikuiandikia mahali. Nimerudi mjini mara tatu kukitafuta, sijakiona.